Je, wajua kwa nini simu iliyorutiwa, yaani iliyofunguliwa ili mwenyewe aweze kubadilisha hata mfumo wake wa ndani, hukwama ikizunguka kwenye nembo?

Jumamosi magharibi kijana mmoja aliniletea simu kibandani, hapa Mwembe Tayari, Mombasa, akailaza mezani taratibu kama anayelaza mgonjwa. Nembo ikatokea, simu ikatetema, kioo kikawa cheusi. Kisha nembo tena. "Fundi, imekufa hii?" Nikamwambia, "Mwanangu, iliyokufa haihangaiki hivi."

Kabla ya yote nilimtolea laini nikaiweka kwenye kabambe yangu, simu ndogo ya vitufe. Pesa za M-Pesa hazikai ndani ya simu, ziko kwenye namba yake, na dakika mbili baadaye alikuwa ameshaangalia salio. Roho ikamtulia.

Simu haiwaki kwa mkupuo mmoja. Ukibonyeza kitufe, maagizo machache yaliyochomwa ndani ya chipu huamsha butiloda (programu ndogo ya kuwashia simu), butiloda huamsha kerneli (kiini cha mfumo), kerneli nayo huamsha Android yenyewe. Kila mmoja humkagua anayemfuata kabla ya kumpisha, na tangu Android 7.0 ya mwaka 2016 ukaguzi huo umekuwa mkali. Anayeruti huifungua kwanza butiloda ili ikubali mfumo uliobadilishwa, kisha huingiza mkono wake katikati ya mnyororo huo. Magisk, programu ya kuruti aliyoianzisha John Wu mwaka huohuo wa 2016, haiandiki juu ya mfumo. Hurekebisha faili la buti, lile linalobeba maagizo ya kwanza ya kuiamsha Android, ili iwe imeshaingia kazini kabla Android haijafumbua macho.

Basi likiwekwa faili la buti la toleo jingine, au moduli (kipande cha nyongeza kinachowekwa kupitia Magisk) isiyopatana na mfumo, kuna kitu kitaanguka njiani. Na kwa nini isizime tu? Kwa sababu Android imeundwa hivyo: kiungo muhimu kikianguka, ianze upya. Hitilafu ya kupita huondoka hapo hapo. Lakini kosa lililoandikwa kwenye hifadhi hukutwa palepale kila simu inapoamka, ndipo mzunguko unapoanza.

Tangu Android 8.0 kuna mlinzi ndani yake. Mfumo ukianguka zaidi ya mara 5 ndani ya dakika 5, hujaribu kurejesha mipangilio hatua kwa hatua, na akishindwa hukufikisha rikavari, ukurasa wa dharura wa simu, na kukuuliza kama ufute kila kitu. Hapo ndipo watu wanapopoteza picha za harusi na za marehemu wao. Hunisikitisha sana, maana mara nyingi picha hazina kosa lolote: ziko sehemu yao peke yao, mbali na faili la buti. Usikubali kufuta mpaka umejaribu mengine.

Kijana alikuwa ameweka moduli ya kubadilisha fonti. Nilianza na njia nyepesi: nembo ikitokea, shikilia kitufe cha kupunguza sauti ili simu iingie hali salama, yaani iwake bila programu za nyongeza, maana Magisk ikiona hali hiyo huzima moduli zote. Yake haikufika huko. Nikaishika kwa kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti, ikaingia fastibuti, hali ya kupokea mafaili ya mfumo kutoka kwenye kompyuta, nikaiunga na kompyuta kwa waya. Tukapakua mfumo halisi wa simu ile, toleo lilelile, tarakimu kwa tarakimu. Hapa sifanyi haraka hata kidogo, kwa kuwa toleo likipishana unaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Nikatoa faili la buti humo, nikaliandika mahali pa lile lililorekebishwa. Simu nyingi zilizotoka kiwandani na Android 13 hutaka faili jingine, init_boot. Samsung nazo zina njia yao.

Kosa moja nawasihi mlikwepe: kuifunga butiloda wakati mfumo bado umeguswa. Simu inaweza kukataa kuwaka kabisa, na kuifungua tena kwa kawaida hufuta kila kitu.

Iliwaka. Ujumbe wa siku mbili ukamiminika, na picha zilikuwepo zote. Kijana akataka tuiruti tena usiku uleule. Nikamwonyesha kwanza: ile fonti haijaondoka, moduli bado imelala kwenye hifadhi, imezimika tu kwa sababu Magisk haipo ya kuiamsha. Tukiirudisha Magisk bila kuitoa moduli, nembo itaanza kuzunguka upya kabla hajafika Likoni kupanda feri.