Gesi ya Pemba, mtungi wa jikoni na paneli juu ya bati: yanayosemwa na yaliyo kweli

Zikianza habari za gesi barazani, Chake Chake au Darajani, watu hugawanyika: huyu wa gesi, yule wa umeme wa jua. Ubishi wenyewe una faida. Kinachonisikitisha ni kwamba pande zote mbili hujenga hoja juu ya mambo yasiyo sahihi, na mengine ni ya hatari.

"Gesi ya Pemba ipo, imebaki kuitoa tu." Dalili zipo kweli. Tundaua inajulikana kwa mafuta yanayochuruzika ardhini. Sheria ya Mafuta na Gesi Asilia ya Zanzibar ni ya 2016, na Oktoba 2018 ukasainiwa mkataba wa kugawana uzalishaji na RAK Gas, kampuni ya Ras Al Khaimah, kwa kitalu cha Pemba–Zanzibar, yaani eneo lililotengwa kutafutia mafuta na gesi. Lakini uchunguzi wa mitetemo, ule wa meli zinazoburura nyaya baharini, huonesha umbo la miamba tu. Kama ndani mna gesi, na kama inalipa kuitoa, hilo hujulikana kisima kikishachimbwa. Na kugundua si kuzalisha. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iligunduliwa 1974, ikafika kwenye mitambo ya umeme ya Dar es Salaam 2004: miaka 30. Ile ya bahari kuu ya Lindi na Mtwara ilianza kugunduliwa 2010, na kiwanda cha kuigeuza kimiminika hakijajengwa. Kijana wa Kojani anayeambiwa asubiri ajira za gesi ana haki ya kuelezwa hesabu hiyo.

"Gesi ya mtungi ndiyo hiyo hiyo ya Songo Songo." Siyo. Gesi asilia ni methani karibu tupu, na haiwi kimiminika mpaka ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Mtungi wa dukani haustahimili baridi hiyo. Ya mtungi ni propani na butani. Hizi hugeuka kimiminika kwa kushindiliwa tu, hutokana na usafishaji wa mafuta ghafi na uchakataji wa gesi, na kwetu huletwa kwa meli kutoka nje. Kwa hiyo bei ya mtungi Mwanakwerekwe hufuata soko la dunia, hata Mtwara wakichimba kiasi gani.

Tofauti hii ni ya uhai pia. Methani ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupaa. Gesi ya mtungi ni nzito, hushuka na kutambaa sakafuni, chini ya kabati, mpaka chumba cha pili. Kidirisha cha juu peke yake hakikutoshi. Fungua mlango, upepo upite chini. Harufu ile mbaya hutiwa makusudi, maana gesi yenyewe hainuki. Ukiisikia, usiwashe wala usizime swichi yoyote, hata ya taa: funga mtungi, fungua milango, watoe watoto nje. Pa kuvuja hutafutwa kwa povu la sabuni, lipakwe kwenye mpira na kichwa cha mtungi. Panapotoka viputo ndipo. Kiberiti kamwe.

Je, gesi ni safi? Gesi asilia ikichomwa kuzalisha umeme hutoa takriban nusu ya kaboni dioksaidi ya makaa ya mawe. Ila methani ikivuja kabla ya kuchomwa, ndani ya miaka 20 hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksaidi ya uzito ule ule. Usafi wake basi uko kwenye mabomba na valvu. Kuhusu mama anayevuta moshi wa mkaa na kuni za mikoko, mimi sina kigugumizi: mtungi ni bora kwa mapafu yake na kwa msitu.

"Umeme wa gesi wa uhakika, wa jua wa kubahatisha." Wanaosema hivi wamesahau upesi. Mei 2008 Unguja ilikaa gizani kama mwezi mzima. Desemba 2009 ikaingia tena, mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, majenereta yakanguruma mji mzima, na muda wote huo gesi ya Songo Songo iliendelea kuzalisha umeme ng'ambo ya pili. Hitilafu ilikuwa kwenye njia ya kuuleta kwa waya wa chini ya bahari. Waya mpya wa megawati 100, kwa fedha za Marekani, ulikuja 2013. Pemba iliunganishwa na Tanga 2010. Hata hivyo kisiwa kinachotegemea waya kinahitaji umeme wake pia, na wa karibu zaidi ni wa jua.

Watu wa jua nao wasidanganye. Paneli bila betri hazikuokoi umeme ukikatika: inveta ya kawaida, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ikiwa imeunganishwa na gridi hujizima, isije ikapeleka umeme kwenye nyaya ikamuua fundi aliye juu ya nguzo. Wala joto kali si umeme mwingi. Paneli hutaka mwanga. Kila nyuzi moja ya joto la paneli yenyewe juu ya 25 hupunguza uzalishaji kwa karibu asilimia 0.3 hadi 0.5. Acha nafasi kati yake na bati upepo upite. Na kwa nyumba ya Jambiani, kagua boliti: chumvi inazila.

Mwisho, kuna wanaodhani tukihamia kwenye jua tumeachana na mafuta na gesi. Plastiki nayo hutokana na mafuta na gesi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, na ilifanya vyema, kwani kikapu cha ukili kipo. Lakini kamba za nailoni wanazofungia mwani akina mama wa Paje zinatokana na petrokemikali, yaani kemikali za mafuta na gesi, na hata paneli ina matabaka ya plastiki ndani. Mbolea ya urea inayomwagwa kwenye mpunga wa Cheju nayo, katika viwanda vingi, huanzia kwenye hidrojeni inayotolewa kwenye methani. Hidrojeni hiyo inaweza kutolewa kwenye maji kwa umeme wa jua, ila mpaka sasa ni ghali zaidi.