Fangasi ndani ya majani ya msindano: jinsi ya kuwapata walio ndani kweli

Jani la msindano (Pinus patula, ule uliojaa kwenye msitu wa Sao Hill, Tanzania) laweza kuwa kijani kabisa, bila doa, na bado likawa na fangasi wa aina kadhaa ndani. Wengi huingia kwa spora (mbegu ndogo sana za fangasi) zinazoletwa na mvua na upepo, kwa hiyo jani lililochipua juzi huwa karibu tupu, na la mwaka jana limejaa. Ukichuma machanga peke yake utadhani mti hauna kitu.

Beba majani kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni hutoa jasho, ukungu ukaota njiani. Yafanyie kazi ndani ya siku mbili.

Kazi kubwa ni kuua vya nje bila kugusa vya ndani. Osha kwa maji ya bomba, tumbukiza jani zima kwenye ethanoli ya asilimia 75 kwa dakika 1, kisha hipokloriti ya sodiamu (ile iliyomo kwenye Jiki) asilimia 3 kwa dakika 3, ethanoli tena sekunde 30, halafu suuza mara tatu kwa maji yaliyotakaswa. Usikate kabla ya hapo! Dawa hupenya kwenye kidonda na kuua uliokuja kuwatafuta. Ncha zote mbili zitupe, kisha kata vipande vya milimita 2. Jiki iliyokaa juani miezi kadhaa haifai, nguvu yake imeshapungua. Kuhakikisha, gandamiza jani lililosafishwa kwenye sahani tupu ya agari (chakula kigumu cha kuoteshea fangasi) kwa dakika moja, uliondoe. Kikiota kitu, matokeo ya kundi hilo yatupe.

Agari: gramu 20 za dondoo la kimea na 15 za agari kwa lita, pamoja na dawa ya kuzuia bakteria. Kloramfenikoli, miligramu 100, huvumilia otoklevu (chungu cha kutakasa kwa mvuke). Streptomaisini haivumilii, itie agari ikishapoa hadi nyuzi 50 hivi. Weka vipande vitano kwa sahani, nyuzi 20 hadi 22.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Fangasi Diplodia sapinea hutanda sahani nzima kwa siku chache, nyeupe kisha kijivu cheusi, wakati Lophodermium, fangasi mwingine wa majani, bado hajatoka kwenye kipande. Kagua kila baada ya siku mbili, hamisha mapema ncha za nyuzi za fangasi kwenye sahani mpya, na usitupe sahani kabla ya wiki sita. Vipande vidogo vya milimita 2 huleta aina nyingi kuliko vikubwa, maana makoloni (makundi ya fangasi) ndani ya jani ni madogo sana na kipande kikubwa hubeba wagombanao.

Huyo Diplodia si wa kupuuza: hutulia ndani ya mti wenye afya, kisha mvua ya mawe au ukame ukiupiga, matawi hukauka kuanzia ncha. Afrika Kusini wanamjua vizuri kwa hilo.

Makoloni mengi hayatoi spora, hivyo macho hayatoshi. Soma kipande cha DNA kiitwacho ITS kwa vianzishi (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia usomaji) ITS1F na ITS4, lakini kwa fangasi Pestalotiopsis na ndugu zake ITS peke yake haitenganishi spishi, ongeza jeni la beta-tubulini. Kusoma DNA moja kwa moja kutoka kwenye jani huonyesha hata wasioota kwenye agari, ila husoma pia DNA ya spora zilizokufa juu ya jani, maana ethanoli huua spora bila kuondoa DNA yake.