Mihogo ya watu wanne

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba baba alituacha siku aliyofariki Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba 1999. Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Temeke. Redio inapiga nyimbo za maombolezo, mama yuko kwenye mkeka analia, baba anavuta zipu ya begi na zipu inakwama. Sura ya kwanza ya kitabu changu niliiandika hivyo, nikaipenda sana.

Nilipomsomea mama alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, siku ile nilimlilia Mwalimu. Baba yako aliondoka Ramadhani. Nilikuwa nimeshapika futari, mihogo ya nazi ya watu wanne."

Ramadhani ya mwaka ule ilianza Desemba. Akili yangu ya utotoni ilikuwa imeshona misiba miwili ikawa mmoja.

Wanaotaka kuandika maisha yao huniuliza kwanza habari za uchapaji. Hayo yana majibu mafupi. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, unaiomba Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Idadi ya kurasa ni vizuri igawanyike kwa 16, maana karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16. Kazi yenyewe iko kwingine, iko kwenye ile siku ambayo mama yako anakwambia hukumbuki sawasawa.

Mwandishi wa riwaya angeziunganisha siku zile mbili na asidaiwe na mtu. Mimi nimemwambia msomaji kwamba haya yalitokea. Kwa hiyo nilikiacha nilichokikumbuka kama kilivyo, na chini yake nikaweka maneno ya mama, na mihogo yake.

Halafu kukawa na shida ya lugha, na hii naiona kwenye karibu kila mswada ninaoletewa. Rasimu yangu ilisema: baba akavaa, akachukua begi, akatoka. Hiyo "-ka-" ni tamu katika kusimulia, lakini inakusukuma hata pale unapotakiwa usimame. Dada yangu aliposoma aliniuliza, "Mbona hapa umekimbia?" Kweli nilikuwa nakimbia. Nikaanza upya: mama alikuwa akikuna nazi, baba alikuwa akihangaika na zipu, dada alikuwa mlangoni amebeba ndoo ya maji. Ukurasa ule mmoja ulinichukua wiki tatu, na ziko siku sikuandika neno, nililia tu.

Kuhusu majina, watu hudhani ukiyabadilisha umeshamficha mtu. Kiswahili kinasaidia kidogo, kwa kuwa "yeye" haisemi ni mwanamke au mwanamume. Ila ukoo haufichiki. Nikiandika "shangazi", ninaye mmoja tu, na nimwite jina lolote nitakalo, mtaa mzima utamjua. Nilimfuata Mbagala na kurasa zake mkononi. Alisoma, akaniomba niondoe aya moja inayohusu fedha. Ilikuwa kweli tupu, na niliiondoa, kwa sababu kitabu kingesimama bila aya ile, naye angebaki akiishi nayo kila anapokwenda sokoni. Wapo waandishi watakaosema nilikosea. Mimi naona kisa changu ni changu mpaka pale kinapogusa chake, na pale lazima nibishe hodi.

Baba nilimpelekea mswada mwisho kabisa. Alikaa nao mwezi mzima. Aliponirudishia, katika kurasa zote alikuwa amepiga mstari wa penseli mahali pamoja tu, chini ya maneno "ya watu wanne".