Mnepali na Mserbia katika jedwali moja

"Mwanangu, wewe unayehesabu wahamiaji, nieleze jambo hili. Hawa Wanepali watoto wetu wanasoma nao darasa moja, shida zao zilikuwa kama zetu. Mbona wao wananunua nyumba na sisi bado tunalipa kodi ya pango?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja mkimbizi kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Tulikuwa nje ya duka la vyakula, upande wa kusini wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, ninakoishi na kufanya kazi ya takwimu za uhamaji. Wiki hiyohiyo jirani yangu, mzee wa asili ya Kiserbia, aliniambia kuwa babu yake alifika hapa bila senti, akafanya kazi kwenye tanuri la chuma, wala hakuna aliyempa msaada. Kwa nini hawa wa leo wanasaidiwa?

Nimewajibu wote wawili kwa mdomo. Hapa najibu kwa maandishi, kwa sababu swali hili hunijia kila mwezi kwa sura mpya, na safari hii lilifuatana na jedwali ambalo mtu alinitumia kwa simu: Wanepali safu hii, Waserbia safu ile, kipato, elimu, umaskini. Kwa hesabu hiyo Waserbia wako juu na Wanepali wako chini, mambo yamekwisha.

Tuanze na majina yenyewe. Nchini Marekani, Mnepali na Mserbia kwa kawaida hawahesabiwi kwa swali moja. Mnepali huhesabiwa kwenye swali la rangi, ambako hujiandika kama Mwasia na kutaja asili yake. Mserbia kwa miaka mingi amepatikana kwenye swali la asili ya ukoo, ambalo mtu hulijibu apendavyo. Katika sensa ya mwaka 2000, watu 140,337 walijiandika Waserbia, na wengine 328,547 wakajiandika "Wayugoslavia", jina la nchi iliyojumuisha Serbia na iliyokuwa imeshavunjika. Ndani ya hao wa pili, Waserbia ni wangapi? Jedwali halisemi, wala haliwezi kusema.

Upande wa Nepal ugumu ni uleule kwa njia nyingine. Wengi wa hao ambao Pittsburgh inawaita Wanepali hawakuzaliwa Nepal. Ni Walhotshampa, watu wa Bhutan ya kusini wanaozungumza Kinepali, ambao serikali ya Bhutan iliwanyang'anya uraia na kuwafukuza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zaidi ya 100,000 waliishi katika kambi za mashariki mwa Nepal, wilaya za Jhapa na Morang, kwa karibu miaka ishirini. Kuanzia 2008 wakaanza kuhamishiwa nchi za mbali, na Marekani ikachukua zaidi ya 90,000. Karani wa sensa akigonga mlango, mmoja hujiandika Mbhutan, ndugu yake wa damu hujiandika Mnepali.

Kinachonigusa ni kwamba babu wa jirani yangu alipitia jambo hilohilo. Sehemu kubwa ya Waserbia waliofika Pennsylvania kabla ya 1914 hawakutoka katika ufalme wa Serbia. Walitoka Lika, Kordun na Banat, nchi zilizokuwa chini ya Austria na Hungaria, na makarani wa bandarini waliwaandika kwa jina la dola hiyo. Hata wale wawili wanaotajwa kila Waserbia wa Marekani wanapojisifu, wanasayansi Nikola Tesla na Mihajlo Pupin, walizaliwa chini ya mfalme wa Vienna. Pupin alifika New York mwaka 1874 akiwa na senti tano mfukoni, baadaye akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia. Kwa hiyo makundi yote mawili yaliingia Marekani kwa karatasi zenye jina la nchi isiyowatambua vizuri.

Sasa kipato. Mwaka 2019, ukizipanga kaya zote za Wanepali kuanzia maskini hadi tajiri, ile ya katikati ilipata dola 55,000 kwa mwaka. Kwa Waasia wote wa Marekani ilikuwa dola 85,800. Kaya zinazojiandika za asili ya Kiserbia ziko juu ya wastani wa taifa. Hapo ndipo jedwali la simu liliposimama. Lakini huyo "Mserbia" wa kwenye safu, mara nyingi, ni mjukuu au kitukuu wa aliyekuja. Amezaliwa Ohio au Illinois, Kiingereza ndicho lugha yake ya kwanza, nyumba ya wazazi amekwisha kuirithi. Na "Mnepali" wa kwenye safu amefika juzi: mwaka 2010 walihesabiwa 59,490 nchi nzima, na 2020 walikuwa wamezidi 200,000. Anayeziweka namba hizo bega kwa bega amempambanisha mtoto anayeanza kutambaa na mzee aliyekwisha kustaafu, akamtangaza mshindi.

Kuna kosa jingine ambalo hata wenzangu wa fani huliangukia. Kipato cha kaya si kipato cha mtu. Chukua mfano wa nyumba yenye watu sita, watatu wakifanya kazi, kila mmoja akipata dola 18,000 kwa mwaka. Kaya hiyo ina dola 54,000. Jirani ni mjane mstaafu anayeishi peke yake kwa pensheni ya dola 30,000. Jedwali litakuonyesha kwamba nyumba ya kwanza ina hali nzuri zaidi. Gawa kwa vichwa: sita wale wana dola 9,000 kila mmoja, mjane ana 30,000 zake. Nyumba za Walhotshampa ndivyo zilivyo mara nyingi: babu, bibi, wana, wakwe na wajukuu chini ya paa moja. Ukitaka kujua nani anaishi kwa shida, hesabu kaya na vichwa pamoja.

Paa hilohilo ndilo jibu la kwanza nililompa yule mama wa Uvira. Watu watatu wazima wanaofanya kazi, mmoja hospitalini kwenye usafi, mmoja ghalani zamu ya usiku, mmoja akilipwa kutunza wazee majumbani, wanaweza kukusanya malipo ya awali ya nyumba kwa miaka minne au mitano, kwa sababu kodi wanalipa moja na jiko ni moja. Jibu la pili ni dhukuti. Watu kumi au ishirini wanaoaminiana huchangia kila mwezi, na kila mwezi mmoja hubeba chungu chote. Mama alicheka, akasema, "Kumbe ni likelemba!" Ndiyo, ni likelemba, ni upatu, ni mchezo wa akina mama wa Kariakoo. Tofauti ni kwamba Walhotshampa waliletwa maelfu kwa maelfu ndani ya miaka michache, vijiji na kambi nzima zikakutana tena kwenye mtaa mmoja, na upatu unahitaji majirani unaowajua tangu utotoni. Wakongo wa Pittsburgh wamefika wachache wachache, kutoka kambi ya Nyarugusu Tanzania, kutoka Nakivale Uganda, kutoka Nairobi, na wengi hawakujuana kabla.

Jibu la tatu mama hakulitarajia. Shule za kambi za Jhapa zilifundisha kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo shule za Bhutan zilivyofundisha na wakimbizi walitaka watoto wao warudi huko. Hawakurudi, ila kijana wa miaka ishirini alishuka uwanja wa ndege wa Pittsburgh akiwa tayari anasoma na kuandika Kiingereza. Kijana wa Kivu Kusini alisoma kwa Kifaransa, tena kama vita vilimwachia nafasi.

Sasa jirani yangu. Ni kweli babu yake hakupewa msaada wa serikali, maana haukuwapo. Lakini kusema hakusaidiwa na mtu si kweli, na nadhani kunawavunjia heshima wale waliomsaidia. Waserbia wa mwanzo waliishi kwa wingi katika nyumba ya mwenzao mmoja, mke wa mwenye nyumba akiwapikia na kuwafulia wanaume kumi au zaidi, kitanda kimoja kikilaliwa kwa zamu: huyu anatoka kiwandani, yule anaingia. Zamu moja ilidumu saa kumi na mbili, na viwanda vya chuma havikuiacha hadi 1923. Mtu akikatika mkono, kampuni haikumjua. Kwa hiyo wakaunda vyama vya kuchangiana, ambavyo mtu wa pwani angeviita vyama vya kuzikana: kila mwezi unatoa kidogo, ukifa mkeo anapata kitu. Kutokana na vyama hivyo likatokea mwaka 1901, hapahapa Pennsylvania, shirikisho la bima la Waserbia ambalo lipo hadi leo.

Hivyo mbinu za kujiokoa ni zilezile, miaka mia moja mbali. Kilichotofautiana ni uchumi uliowapokea. Kiwanda cha chuma kilimchukua mtu asiyejua Kiingereza na, baada ya mapambano marefu, kikamlipa kama mtu wa tabaka la kati. Mapambano hayo yana mahali pake: Aliquippa, mto Ohio, ambako kampuni ya Jones & Laughlin ilijenga nyumba za wafanyakazi kwa mafungu, kila fungu na makabila yake, ili wasiungane. Waliungana. Kampuni ikawafukuza viongozi wao, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1937 wafanyakazi wakashinda haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi. Mtoto wa Mserbia alinunua nyumba kwa mshahara uliopiganiwa na chama hicho. Viwanda vilipokufa, cha Homestead kikifungwa mwaka 1986, wajukuu walikuwa wamekwisha kusoma na kuondoka.

Mlhotshampa alifika 2008 na 2009, uchumi ukiwa umeporomoka. Kazi aliyoikuta, hoteli, maghala, uangalizi wa wagonjwa, kwa kawaida haina chama chenye nguvu wala pensheni ya maana. Kama ningelazimishwa kusema ni kundi gani limefanya vizuri zaidi kwa miaka kumi na tano ya mwanzo, ningesema la Wanepali wa Bhutan, tena kwa mbali. Wengi ni raia na wengi wana nyumba. Mwaka 2019 mmoja wao, Bhuwan Pyakurel, alichaguliwa kuingia baraza la mji wa Reynoldsburg, Ohio. Babu wa jirani yangu, baada ya miaka kumi na tano, bado angekuwa kwenye tanuri bila chama cha kumtetea, na sheria ya uhamiaji ya 1924 ingekuwa imekwisha kuibana Yugoslavia nzima kwenye watu 671 kwa mwaka, asiweze kumleta hata mdogo wake.

Wapo Waserbia wengine na Wanepali wengine, na hao hawamo kabisa katika hoja ya jirani yangu. Waserbia waliokuja miaka ya 1990, wakikimbia vita, vikwazo na mfumuko wa bei ulioifanya serikali ya Beograd, mji mkuu wao, kuchapa noti ya dinari bilioni 500, walikuwa na wahandisi na madaktari wengi. Wengine wao leo wanaendesha kampuni za malori kuzunguka Chicago. Wanepali wa Texas na wa Jackson Heights, New York, walikuja kwa viza ya masomo au kwa bahati nasibu ya viza, ambayo ilimtaka mtu awe amemaliza sekondari au awe na ujuzi wa kazi. Mlinganisho wa haki ungekuwa kati ya hawa wawili, umri uleule, mwaka uleule wa kufika, aina ileile ya karatasi. Mara chache nimeona mtu akiufanya.

Nisichoweza kukipima kwa dola ndicho kinachonisumbua zaidi. Kufikia Februari 2012, vilikuwa vimeripotiwa vifo 16 vya kujiua miongoni mwa wakimbizi wa Bhutan waliohamishiwa Marekani, kiwango kilichokizidi sana kile cha nchi nzima, hadi taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa ikatuma watafiti. Waligusia kukosa kazi, upweke, mtu aliyekuwa nguzo ya ukoo kuwa mzigo asiyejua hata kusoma kibao cha basi. Na mwaka 2025 baadhi ya Walhotshampa waliokuwa na makosa ya jinai walirudishwa Bhutan, nchi iliyowafukuza, nayo ikawasukuma tena nje ya mpaka. Wapo waliojikuta Nepal, bila uraia wa nchi yoyote, baada ya miaka kumi na zaidi Pennsylvania. Jedwali la kipato lina nafasi gani ya kuandika hilo?

Wazee nimewaona kwa macho yangu, kwa sababu Jumamosi hujitolea kwenye darasa la uraia. Mkimbizi mzee asiye na kipato hupewa posho ya serikali kuu, lakini kwa miaka saba tu, isipokuwa awe raia. Anaruhusiwa kuomba uraia baada ya miaka mitano. Mtihani ni kwa Kiingereza. Msamaha wa lugha kwa sababu ya umri upo, ila huutaka mtu awe amekaa na ukaazi wa kudumu angalau miaka 15. Piga hesabu mwenyewe: posho inakatika mwaka wa saba, msamaha unakuja mwaka wa 15. Kina bibi wa Bhutan ambao hawajawahi kushika kalamu wanakaa darasani wakirudia majina ya marais, na asiyeweza hubaki na njia moja, cheti cha daktari kuthibitisha kwamba maradhi au ulemavu unamzuia kujifunza.

Nilipofika hapo yule mama wa Uvira alininyamazisha kwa mkono. Mama yake mzazi ana miaka 71, na alifika naye. "Sisi tuko mwaka wa tano na miezi miwili," alisema. Tukaacha habari za nyumba, tukakaa kwenye gari lake, tukaanza kujaza fomu.