Kabla hujakata tiketi ya pwani, angalia mwezi

Mtu akiniuliza bajeti ya kutembea pwani ya mbali inaanzia wapi, anategemea nitaje nauli au bei ya hema. Mimi huwa namuuliza kwanza, unaenda mwezi ukiwa na siku ngapi? Simaanishi mwezi wa kalenda, ni ule wa juu kule. Nimeongoza safari hizi za kubeba hema mgongoni miaka kadhaa sasa na wengi niliowaona wakimwaga hela hawakuzimwaga kwenye vifaa, walikata tiketi ya ofa bila kuangalia kitu kingine, wakafika wakakuta njia yao iko chini ya maji mchana kutwa, ikabidi walipie gari la kuwazungushia bara au walale siku mbili ambazo hawakuzipangia.

Maana kwenye pwani za hivi njia ni mchanga wenyewe. Mfano kaskazini mwa California kuna kipande kinaitwa Lost Coast, milima imeingia baharini wimawima mpaka barabara kuu ya pwani ikabidi ikwepe iende bara, anayepita pale anapita kwa miguu, karibu kilomita 40 na sehemu kubwa ni ufukweni kabisa. Katikati kuna vipande viwili, kila kimoja kama kilomita 6 au 7, ambavyo maji yakijaa havipitiki. Kushoto jabali, kulia bahari, basi. Ukiingia humo saa mbaya hakuna pa kuchepukia.

Kwa hiyo tuongee maji. Sehemu nyingi duniani bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kupwa mpaka kujaa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Leo umepita rasi saa 4:00 asubuhi maji yakiwa chini kabisa, kesho subiri mpaka kwenye saa 5 kasorobo hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tuseme siku moja mbili baadaye, linakuja bamvu, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo.

Wageni wote wanapenda bamvu kwa sababu ufukwe unakuwa mpana na mchanga mgumu wa kutembelea upo wa kutosha, na kweli hiyo ni faida kubwa, mchanga laini unakula nguvu mara mbili au zaidi ya ardhi ngumu. Ila bamvu likirudi linarudi na hasira. Ukichukua kimo chote cha maji ukakigawa mafungu 12, saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ni makadirio tu ya mabaharia lakini yanatosha. Tuseme tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 4: saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 33, unayaona hayana haraka unakaa kwenye jiwe unapiga picha, saa ya tatu yanapanda mita nzima. Na kwenye ufukwe tambarare, ule unaoinuka mita 1 kwa kila mita 100, hiyo mita moja maana yake maji yamekufuata mita 100 ndani ya saa moja, na mara nyingi yanapita kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, unageuka unakuta uko kisiwani. Februari 2004 kule Morecambe Bay, Uingereza, wachuma kombe wasiopungua 21 walikufa hivyohivyo, usiku, maji yaliwazunguka wakiwa mbali kwenye tambarare.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa sababu ni kosa letu sisi tunaoongea Kiswahili na sijaona mtu akilionya popote. Tulikuwa wanne, mwenzetu ndiye ameshika simu yenye jedwali la maji, nikamuuliza kesho yanakupwa saa ngapi, akasoma 02:10, akasema saa mbili na dakika kumi. Nikasema safi, asubuhi, tutakunywa chai tutatoka. Tukatoka. Saa mbili na dakika kumi tumesimama mbele ya rasi na mawimbi yanapiga jabali mpaka yanaturushia povu usoni, mimi kiongozi nimeduwaa, nadhani hata bahari imekosea.

Jedwali linahesabu siku kuanzia usiku wa manane. 02:10 ni saa nane na dakika kumi usiku. Na angalia uchawi wake, saa zetu na zile zimepishana saa 6, na kutoka kupwa mpaka kujaa ni saa 6 na kidogo. Yaani ukikosea kusoma saa kwa mtindo huu hukosei kidogo, unageuza maji juu chini kila mara, unafika pale bahari ikiwa imejaa kabisa. Hakuna kosa lingine la kusoma saa linaloweza kukuumiza kwa usahihi kiasi hicho. Siku hizi naandika kwenye karatasi kwa maneno, "yanakupwa saa nane mchana", naitia kwenye mfuko wa nailoni, simu nayo inapumzika (chaji yenyewe huko unaihesabu kama sigara jela). Hakikisha pia jedwali ni la bandari iliyo karibu na unakopita, kwa sababu bandari mbili za pwani moja zinaweza kupishana hata saa nzima, na hakikisha limeandikwa kwa majira ya mahali hapo, nchi zenye kusogeza saa kiangazi zinachanganya.

Hata hivyo namba za jedwali ni hesabu za mwezi na jua, haziijui hali ya hewa. Mgandamizo wa hewa ukishuka hektopaskali 1 bahari inainuka kama sentimita 1, kwa hiyo dhoruba kubwa inakuongezea nusu mita peke yake kabla hujahesabu upepo unaosukuma maji nchi kavu na mawimbi juu yake.

Kitu kingine ambacho kinaokoa hela kuliko vyote, na wavuvi wanakijua bila kusoma: mahali pamoja, bamvu linakupwa saa zilezile mwaka mzima, kukosea ni kidogo. Ukigundua kwamba pwani fulani bamvu lake linakupwa karibu na adhuhuri, basi utajua kwamba wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, yatakupwa asubuhi sana na jioni sana. Kwa hiyo kabla sijatafuta nauli natafuta hiyo saa moja tu ya pwani ninayoendea. Kama bamvu la huko linakupwa mchana nitaenda siku za bamvu, kama linakupwa alfajiri na magharibi nitachagua siku tatu nne kabla au baada, ndipo nifungue tovuti za tiketi na tarehe zangu mkononi. Na hizo tarehe zikiangukia katikati ya wiki, mara nyingi nauli inakuwa nafuu yenyewe. Pwani kama hiyo ya California ina ugumu wake, kupwa mbili za siku moja hazilingani, moja ya chini sana nyingine ya kawaida, hapo soma kimo siyo saa peke yake.

Usiku nako. Ufukweni kuna mistari miwili ya takataka, mwani na vijiti na vipande vya chupa. Wa chini una unyevu, ni maji ya leo. Wa juu umekauka, mwani wake ukiukamata unavunjika kama karatasi, huo umeachwa na bamvu lililopita au dhoruba. Lala juu ya huo wa juu, hata kama upo katikati ya miiba na upepo, hasa kama umefika maji mafu yakielekea bamvu, kwa sababu kila usiku maji yatapanda zaidi ya jana yake. Vigingi vya hema usivisumbue, mchanga hauvishiki. Chukua mifuko minne mitupu, ijaze mchanga, funga kamba ya hema, ifukie kina cha mkono. Haikugharimu kitu na haichomoki.

Maji ya kunywa ya mtoni chota bahari ikiwa imekupwa, na panda juu kidogo kutoka pale mto unapoingia baharini. Yakijaa chumvi inapanda na mto mbali kuliko unavyodhani na kichujio cha kawaida cha mfukoni hakitoi chumvi, kinatoa vijidudu tu.

Na usafiri wa kurudi, hapo ndipo bajeti nyingi zinapofia. Watu wanaanza kutembea kutoka mjini, wanafika mwisho wa dunia wamechoka, njaa, gari ni moja na mwenye gari anaona kabisa huna ujanja, bei ataipanga yeye. Mimi nageuza: siku ya kwanza nikiwa na nguvu na muda wa kusubiri, napanda gari mpaka mwisho kabisa, hata likija kesho yake sawa tu, halafu natembea kurudi kwenye mji wenye mabasi. Siku ya mwisho nafika kwa miguu yangu, saa yoyote ambayo maji yameniruhusu.