Rasilimali za pamoja katika programu yenye moduli nyingi

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipokea hati ya kuwa jiji. Wakati huo nilikuwa Kisumu, nikitunza programu ya ushirika mmoja wa maziwa, na kazi ilionekana ndogo: kwenye faili maeneo.properties, mstari nakuru=Manispaa ya Nakuru usomeke nakuru=Jiji la Nakuru. Nikabadilisha, nikajaribu, nikaenda zangu. Wiki iliyofuata mhasibu wao akapiga simu: "Kijana wangu, ripoti inasema jiji, lakini risiti bado inasema manispaa." Faili hiyo ilikuwa imenakiliwa katika moduli tatu, nami nimerekebisha mbili.

Rasilimali ni kila kitu ambacho programu inahitaji na si msimbo: majina ya maeneo, maneno ya ujumbe wa simu, nembo, kiolezo cha risiti. Moduli ni sehemu ya programu inayojengwa peke yake na kutoa faili yake ya JAR, yaani kifurushi cha programu ya Java. Katika mradi wa Java unaojengwa kwa Maven, chombo cha kujenga na kufungasha programu, rasilimali hukaa kwenye src/main/resources, kisha hunakiliwa hadi target/classes na kufungashwa pamoja na msimbo. Rasilimali ya pamoja ni ile inayotumiwa na moduli zaidi ya moja lakini inatunzwa mahali pamoja tu.

Wengi huanza kwa kuiweka faili kwenye mradi mzazi, ule unaozikusanya moduli zote, wakitumaini watoto watairithi. Hawairithi. Mtoto hurithi mipangilio ya pom.xml ya mzazi (faili ya maelekezo kwa Maven), kama vile matoleo ya maktaba na plagini, yaani nyongeza za Maven, wala harithi faili. Hata njia ya src/main/resources huhesabiwa kuanzia folda ya mtoto mwenyewe. Wengine huandika ../rasilimali, yaani folda iliyo jirani na moduli, na kweli inafanya kazi, mpaka siku moduli itakapojengwa mahali pengine bila jirani yake. Naomba sana uiepuke njia hiyo.

Njia ninayoiamini ni kuipa rasilimali moduli yake, hata kama haina mstari mmoja wa msimbo. Inatoa JAR yenye toleo lake, na moduli za risiti, ujumbe na ripoti zinaitaja kama tegemezi, yaani kitu zinachokihitaji. Ukijenga kutoka kwenye mzizi, Maven husoma tegemezi hizo na kuijenga ya rasilimali kwanza. Msimbo nao huisoma kwa getResourceAsStream("/ushirika/maeneo.properties"). Hiyo folda ya ushirika si pambo: JAR mbili zikiwa na faili ya njia ile ile, itasomwa iliyotangulia kwenye classpath, orodha ya mahali Java inapotafuta faili, na hutaonyeshwa kosa lolote.

Mara nyingine faili lazima iwe ndani ya moduli yenyewe, tuseme picha za tovuti. Hapo maven-dependency-plugin, kwa amri yake ya unpack, huifungua JAR ya rasilimali wakati wa hatua ya generate-resources na kuziweka faili ndani ya target. Ipo pia maven-remote-resources-plugin. Miradi ya Apache huitumia kuingiza faili za LICENSE na NOTICE katika JAR zake.

Kuna mtego mmoja ulionila saa nzima baada ya kupanga haya yote. Nilirekebisha jina kwenye moduli ya rasilimali, nikaingia folda ya risiti, nikaandika mvn package. Risiti ikatoka na manispaa ile ile. Ukijenga ndani ya moduli moja, Maven haiangalii folda ya jirani. Huchukua JAR iliyowekwa zamani kwenye ghala la kompyuta yako, folda ya .m2. Rudi kwenye mzizi wa mradi uandike mvn -pl risiti -am package. Hiyo -am huagiza moduli zote ambazo risiti inazitegemea zijengwe nayo. Nilipofanya hivyo, karatasi ikatoka imeandikwa Jiji la Nakuru, nami nikampigia mama mhasibu.