Minnan: Pwani ya Wahokkien na Mafundi Wake

Minnan ni kusini mwa mkoa wa Fujian nchini China, na ndiko asili ya Wahokkien, yaani Wachina wasemao Kihokkien, katika miji ya Quanzhou, Zhangzhou na Xiamen. Husemwa kwamba milima iliwabana wakazi wake, mashamba yakawa haba, wakalazimika kuigeukia bahari. Ni kweli, lakini kwangu mimi ninayechunguza historia ya bandari maelezo hayo hayatoshi, kwani ziko pwani nyingi zenye milima ambazo hazikuwahi kuvuma kwa biashara. Minnan ilikuwa na mafundi.

Litazame Daraja la Luoyang, lililojengwa kati ya 1053 na 1059 kwenye mlango wa mto karibu na Quanzhou, chini ya liwali Cai Xiang. Maji hapo hujaa na kupwa kwa kasi, na chini ni tope. Mafundi walimwaga mawe mtoni kufuata njia yote ya daraja hadi ukapatikana msingi mpana, wakasimamisha juu yake nguzo zilizochongoka kama omo ya jahazi ili zipasue mkondo, kisha wakapandikiza chaza kwenye mawe, nao walipokua magamba yao yakayagandisha mawe pamoja. Daraja hilo, lenye urefu unaozidi mita 700, lingalipo.

Ustadi huohuo ulikuwamo katika vyombo vyao. Jahazi la zama za utawala wa Song (960–1279) lililofukuliwa mwaka 1974 huko Houzhu, kwenye ghuba ya Quanzhou, lina vyumba 13 vilivyotengwa kwa kuta za mbao, hivyo kimoja kikiingia maji vingine vilisalimika. Shehena yake ilikuwa na pilipili manga, ambari na ubani, na ubani ni bidhaa ya Uarabuni na pwani ya Wasomali. Si ajabu, basi, kwamba Zhao Rugua, aliyesimamia forodha ya Quanzhou, aliitaja pwani ya Zenji katika kitabu chake cha 1225.

Vita vya karne ya 14 na marufuku za biashara ya baharini zilizowekwa na utawala wa Ming ziliidhoofisha Quanzhou. Biashara ilihamia Yuegang, jirani na Zhangzhou, iliyoruhusiwa rasmi mwaka 1567, na baadaye Xiamen, huku Wahokkien wakilowea Taiwan, Manila, Malaya na Singapore. Baadhi ya mali waliyochuma huko ilirudi nyumbani ikawa majengo: Chuo Kikuu cha Xiamen kilianzishwa mwaka 1921 na Tan Kah Kee, mzaliwa wa Jimei aliyetajirikia Singapore kwa mashamba ya mpira na mananasi.